Kabla ya paneli za sola, tufunge boya la tangi

Desemba iliyopita nilirudi Dar kwa wiki tatu, na siku moja mdogo wangu akaniomba nimsindikize chuoni kwake. Yuko mwaka wa pili. Chuo sitakitaja, maana ninachotaka kusema kinavihusu vyuo vingi. Tulifika bwenini saa nne asubuhi, tukakuta tangi lililo juu ya mnara linamwaga maji. Yalikuwa yanashuka ukutani kwa kishindo, yamechimba kijito kwenye mchanga mpaka barabarani. Kwenye ngazi za bweni hilohilo, wasichana walikuwa wanapandisha madumu ya lita 20 hadi ghorofa ya tatu, kwa sababu bombani hakutoki kitu. Nikamuuliza kulikoni.

“Dada, boya limekufa. Tangu tufungue chuo liko hivyo.”

Kwa asiyejua, boya ni lile pira linaloelea ndani ya tangi: maji yakijaa linapanda na kufunga koki. Likifa, pampu inaendelea kusukuma na maji yanaendelea kumwagika. Kwa hiyo pale palikuwa na hasara mbili kwa mpigo, ya maji na ya umeme wa kuyapandisha, mchana na usiku, kwa miezi miwili. Na ukutani, hatua kumi kutoka kwenye kile kijito, palibandikwa bango: “Tunza mazingira.”

Niko Ujerumani mwaka wa sita sasa, nafanya kazi kwenye maabara ya chuo kikuu. Nikifuatilia mijadala ya nyumbani kuhusu chuo kinachojali mazingira, naona huanzia kwenye paneli za sola, hupitia magari ya umeme, na huishia kwenye miti inayopandwa siku ambayo mgeni rasmi yupo. Sina ugomvi na sola. Lakini kilichonishangaza zaidi nilipofika huku hakikuwa paneli. Kilikuwa mita, na mtu wa kuisoma.

Jengo letu lina mita yake ya umeme, ya maji na ya joto. Yupo mzee mmoja ambaye kazi aliyoajiriwa kuifanya ni hiyo: kulinganisha namba za mwezi huu na za mwezi kama huu mwaka jana, na kuja kugonga mlango pale zinapopanda bila sababu. Alikuja kwetu kwa ajili ya friza. Maabara za biolojia hutumia friza za nyuzi 80 chini ya sifuri kuhifadhia sampuli, na friza moja kuukuu ya aina hiyo hula umeme kama nyumba nzima. Sisi tulikuwa nazo nne. Akasema tuzifungue, tuone kilichomo. Tulikuta visanduku vyenye majina ya watu waliomaliza shahada zao zamani, wengine hakuna hata anayewakumbuka, barafu imevifunika visanduku kama chokaa. Tukatumia wiki moja kuchambua. Friza moja ikazimwa kabisa, na zilizobaki tukazipandisha hadi nyuzi 70 chini ya sifuri, jambo ambalo hupunguza umeme kwa takribani asilimia 30 na kwa sampuli nyingi halina madhara. Kazi yote hiyo haikugharimu kununua chochote.

Hilo ndilo ningependa tulichukue. Mengine ya huku si ya kuigwa, na ni vizuri tuseme wazi. Wakati wa baridi kali nimeona kumbi za mihadhara ambazo vipasha joto vimefunguliwa hadi mwisho na madirisha yameachwa wazi kwa sababu watu wanaona joto. Mjerumani mmoja, ukigawanya hewa ukaa ya nchi nzima kwa idadi ya watu, huangukiwa na tani 7 au 8 kwa mwaka. Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Mwanafunzi anayelala na wenzake watatu chumba kimoja, anayepanda daladala, anayeshonesha begi lake kwa fundi badala ya kununua jipya, hana deni la kumwomba mtu radhi. Kinachoniuma ni kwamba yale mazuri tuliyokuwa nayo tunayatupa tukidhani ndiyo maendeleo.

Chukua chupa. Huku ukinunua kinywaji cha chupa ya plastiki au kopo unatozwa senti 25 za yuro juu ya bei. Ukirudisha chupa tupu kwenye mashine ya dukani, unarudishiwa. Utaratibu huo ulianza mwaka 2003, na ndiyo sababu huoni chupa zimezagaa. Wageni kutoka kwetu huupiga picha. Jamani, si sisi hawa tuliokua tukitumwa kwa Mangi na chupa tupu mkononi? “Una chupa?” ndilo lilikuwa swali la kwanza. Huna chupa, unaacha hela ya chupa au unanywea palepale dukani. Kreti zilikwenda na kurudi, chupa moja ikanywewa na watu mia. Halafu ikaja soda ya plastiki, ya kunywa na kutupa. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019 na watu wakazoea, vikapu vikarudi sokoni. Chuo kina mageti, kina kantini zenye mikataba. Kinashindwa nini kuandika kwenye mkataba kwamba ndani ya geti hili soda ni ya chupa ya kioo, na kila chupa ya maji ina amana ya shilingi 100? Na kila jengo liwekewe chujio la maji ya kunywa, mtu ajaze chupa yake mwenyewe. Wanafunzi hawanunui maji ya plastiki kwa kupenda. Wanaogopa kuumwa tumbo.

Waokota makopo nao wasifukuzwe. Nimewaona wakikimbizwa na walinzi kana kwamba ni wezi, wakati wao ndio wanaofanya urejelezaji wote tunaoupigia semina. Wapeni kibanda, mizani na kitambulisho.

Sasa madirisha, na hapa nitakaa kidogo. Mdogo wangu alinionyesha ukumbi wao mpya: kioo kuanzia chini hadi juu, umetazama machweo, dirisha linalofunguka ni nusu tu. Kiyoyozi kimeharibika. Saa tisa alasiri mle ndani ni tanuri. Nenda ukaangalie yale majengo ya miaka ya 1960 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipohamia mwaka 1964. Ni membamba, hewa inaingia upande huu na kutokea ule. Madirisha ya luva, matofali ya matundu, vibaraza virefu vinavyokinga jua, na miti mikubwa ambayo ngedere hawajaihama hadi leo. Ukumbi wa Nkrumah ulistahili kuchorwa kwenye noti ya shilingi 500, kabla ya noti hiyo kuwa sarafu. Waliojenga vile walijua Dar ni joto na kwamba upepo wa bahari ni wa bure. Sisi tunajenga kana kwamba tuko Frankfurt, halafu tunalipia umeme wa kupooza kosa letu wenyewe.

Pale pale Mlimani yapo mabwawa ya majitaka yanayosafisha maji kwa jua, mwani na bakteria, bila mashine kubwa. Wataalamu wa chuo hicho wamefanya utafiti wa miaka mingi kuhusu vitalu vya matete vinavyochuja maji hayo. Utaalamu huo ni wetu, umeandikwa na watu wetu. Chuo kinachomwagilia bustani kwa maji ya bomba wakati wanafunzi wanabeba madumu kingeanza kwa kupiga simu Mlimani.

Kuhusu jikoni sina maneno mengi: agizo kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa lipo, na mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kinachobaki ni kwa bajeti ya chuo kuwataja wale akina mama wanaokohoa nyuma ya kantini.

Nilirudi Ujerumani nikiwa na hasira. Nikamwomba mdogo wangu kitu kimoja: kila asubuhi apite kwenye mita ya maji ya bweni aandike namba. Alinitumia za siku kumi na nne. Yeye na wenzake wakaziweka kwenye karatasi moja, pamoja na bei ya boya waliyoiulizia dukani Kariakoo, wakaipeleka kwa msimamizi wa bweni. Fundi alikuja Alhamisi. Mdogo wangu bado anaandika namba, na sasa wenzake wa bweni la pili wamemwomba daftari.