Bonde la Ufa: nguvu inatoka chini au juu?

Kwamba Bonde la Ufa linapanuka hakuna anayebisha. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha milimita chache kwa mwaka. Ubishi uko kwenye kinacholipanua. Wapo wanaosema nguvu inatoka mpakani mwa kiini cha dunia na mantili (tabaka la mwamba mgumu unaojongea polepole mno, lililo kati ya ganda na kiini), kilomita 2,900 hivi chini ya miguu yetu. Wengine wanasema ganda la dunia linavutwa huku na huku mpaka linachanika, na volkano hufuata tu.

Wa kwanza wana mawimbi ya matetemeko. Chini ya kusini mwa Afrika mawimbi hayo hupunguza mwendo katika eneo kubwa mno, linaloanzia kwenye kiini na kupanda likiinamia kaskazini-mashariki, upande wetu. Mwamba wenye joto kali ndivyo unavyoyachelewesha mawimbi. Hoja yao nyingine naiona nzito zaidi: gesi ya heli. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2011 kutoka miamba ya volkano ya Rungwe, Mbeya, vilionyesha uwiano wa heli-3 kwa heli-4, aina mbili za gesi hiyo, unaofikia mara 15 ya ule wa hewani. Lava za katikati ya bahari, zinazotoka mantili ya juu, huwa na kama mara 8. Heli-3 nyingi ilinaswa dunia ilipokuwa inaumbwa. Hiyo ziada imetoka wapi, kama si kwenye akiba ya chini kabisa?

Wapinzani hawakosi jibu. Heli-4 huzaliwa urani na thori, elementi zenye mionzi, zinapovunjika, kwa hiyo mwamba wenye urani kidogo unaweza kutunza uwiano wa zamani hata ukiwa juu. Mawimbi nayo huchelewa pia yakipita kwenye mwamba wa kemia tofauti. Na hakuna wa kushuka kuhakikisha: shimo la Kola, Urusi, lenye kina kuliko yote yaliyochimbwa, liliishia mita 12,262, halijatoboa hata ganda.

Ila hoja yao bora ni ramani. Bonde likifika kwenye ganda kongwe la katikati ya Tanzania, lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, linagawanyika na kulizunguka: mkono wa mashariki Naivasha na Natron, wa magharibi Albert, Kivu na Tanganyika. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini lava kandokando yake ni haba. Kama moto ndio unaopasua, mbona hapo ufa ni mkubwa hivyo na moto hauonekani?

Watetezi wa nguvu ya chini hujibu kwamba mzizi mnene wa ganda hilo kongwe huusukuma mwamba moto pembeni. Kwa mkono wa mashariki jibu hilo linanitosha. Kwa Tanganyika halinitoshi. Naamini joto la chini ndilo lililoinua nyanda zetu za juu, lakini ufa upite wapi, hilo liliamuliwa na mishono ya zamani ya ganda lenyewe, pale vipande vyake vilipoungana kale.