Mazoezi ya kufundisha yaanzie kijijini

Mhitimu wa hisabati anayesoma stashahada ya uzamili ya elimu hapungukiwi hisabati. Anachokosa ni kumjua mtoto aliyeketi mbele yake. Mpeleke kutoka Dar es Salaam hadi sekondari ya kata wilayani Mbulu: darasa moja laweza kuwa na Mwiraqw, Mdatoga, Mnyiramba na Mhadza, watoto wa lugha nne zisizo na undugu. Wote wametoka shule ya msingi wakifundishwa kwa Kiswahili, na Kidato cha Kwanza kinawapokea kwa Kiingereza.

Katika mazoezi ya wiki 8, siku 3 za mwanzo zisiwe za darasani kabisa. Siku ya kwanza mwanachuo aende na barua kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji. Siku ya pili atembee na wanafunzi wa kitongoji cha mbali kuanzia saa 11 alfajiri, saa mkononi, akichora ramani: kisima, josho, mashine ya kusaga, vyumba wanakopanga wanafunzi. Akiona wamevuka korongo mara mbili, hatauliza tena kwa nini wanachelewa masika.

Siku ya tatu atembelee kaya 3 au 4, akiongozana na mwalimu mwenyeji. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Hufika siku ya mnada, wakakuta watoto tu. Hutoa fomu na kalamu, mzazi akadhani ni michango. Kosa kubwa kuliko yote ni kumuuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi. Swali hilo ni utovu wa adabu, na mazungumzo hufia hapo. Swali moja linatosha: mtoto huyu akiwa nyumbani, kazi gani mnamtegemea?

Majibu yaingie kwenye andalio la somo, yasiishie kwenye siku ya ngoma na vyakula vya asili. Katika mada ya sehemu (fractions), kwa mfano: gunia limehesabiwa debe 6, lakini ni lumbesa, limejazwa kupita kipimo na kubeba 8, mkulima amelipwa za 6. Amepoteza sehemu gani ya mahindi yake? Robo hiyo mtoto anaijua kwa uchungu. Kinachobaki ni kumpa maneno ya Kiingereza ya kuieleza. Ila asigeuzwe msemaji wa kabila lake: si kila mtoto wa mfugaji amechunga.

Wasimamizi nao wanahitaji somo hili. Mwanafunzi akijibu huku ameinamisha macho mbele ya mtu mzima, anaonyesha heshima aliyofunzwa nyumbani, lakini fomu ya tathmini huandikwa “wanafunzi hawajiamini.” Ningetenga alama 20 kati ya 100 kwa ramani, ziara na somo lililotokana nazo, na msimamizi afike walau kaya moja kabla ya kuzitoa. Mwanachuo hufanya kile kinachopimwa, na kwa sasa kinachopimwa ni andalio, zana na ubao.