Kamera ya kupandia Kilimanjaro: ngumu au yenye picha safi?

Anayejiandaa kupanda Kilimanjaro hushauriwa mara nyingi anunue kamera ngumu, zile ndogo zisizoogopa maji wala kuanguka. Ushauri huo una uzito. OM System TG-7 iliyotoka mwaka 2023 ina gramu 249, inazama hadi mita 15 na inastahimili kuanguka kutoka mita 2.1. Siku ya kwanza njia ya Machame hupita msituni, mvua inashuka bila taarifa, na mwenye kamera inayoogopa maji huishia kuifungia kwenye begi huku mandhari yakimpita.

Lakini kadiri unavyopanda, maji yanaacha kuwa tatizo. Tatizo linakuwa giza na baridi. Safari ya kileleni huanza kama saa sita usiku, na wengi hufika Stella Point, ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 5,700, kunapopambazuka. Picha unayoitaka kuliko zote ni ya hapo, na ndipo kamera ngumu inapokuangusha. Kihisi mwanga chake, kile kinachopokea picha, kina eneo la takriban milimita za mraba 28; cha kamera ya APS-C, aina yenye kihisi kikubwa zaidi, kinapita 360. Alfajiri ile, kihisi kidogo kinakupa picha yenye chenga. Hata uimara wenyewe una mpaka: TG-7 imethibitishwa hadi nyuzijoto 10 chini ya sifuri, na usiku wa kileleni huweza kuvuka hapo.

Sony a6400, ambayo ni ya APS-C, na lenzi yake ya milimita 16-50 ni kama gramu 520. Ni mara mbili ya ile, na usiku huo unaibeba mwenyewe, kwa kuwa wapagazi kwa kawaida hubaki kambini. Bado ningeichagua. Lenzi isibadilishwe njiani, maana vumbi la volkano ni laini mno. Mvua ikija, mfuko wa nailoni unatosha. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili.

Anayeshuka mlimani kwenda kuzamia Mafia namwelewa akichagua ngumu. Ila ajue kinachozuia maji ni raba nyembamba kwenye milango yake, kama ule wa betri. Punje moja ya mchanga ikikaa pale, maji yanaweza kuingia. Kwa iliyokwishatumika, fungua mlango huo uikague raba kabla hujatoa hela.