Mama Alipolipa Deni Lisilomhusu

Mama yangu husafiri kwa mambo mawili tu: msiba na harusi. Kwa hiyo sisi binti zake watatu tulipomwambia kwamba tunamchukua Ijumaa mpaka Jumapili twende naye Bagamoyo, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kafa nani?"

"Hajafa mtu, mama. Tunakwenda kutazama tamthilia ya muziki."

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

Mdogo wangu wa kati, ambaye ndiye aliyekata tiketi, akajitia ualimu. "Ni mchezo wa kuigiza, mama, ila badala ya kuzungumza wanaimba."

"Taarabu."

"Siyo taarabu."

"Kinanda kipo?"

"Kipo."

"Kuna mwanamke anaimba kwa uchungu?"

"Yupo."

"Sasa siyo taarabu kivipi, mwanangu?"

Mdogo wangu akanitazama mimi, mimi nikamtazama kitindamimba, kitindamimba akatazama simu yake. Tungelijibu swali lile siku ile pale barazani kwetu Ngamiani, Tanga, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Lazima mjue pia kwamba mama yangu kakulia Tanga ya Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarabu. Shakila, mwimbaji wao, kamsikia kwa masikio yake, siyo kwa redio. Ukimwambia habari ya muziki anakusikiliza kwa adabu, kama fundi seremala anayeoneshwa kiti cha plastiki.

Fungu la safari tulimkabidhi yeye. Hela ya chumba, hela ya chakula, nauli ya kurudi, vyote. Mimi ndiye mkubwa, ingefaa nishike mimi, lakini mwaka jana nilishikishwa mchango wa harusi ya binamu yetu na ikatokea nikanunua viatu. Tusilifukue hilo. Mama hataki kusikia habari ya pesa za kwenye simu, anasema pesa isiyokunjika siyo pesa. Akazifunga kwenye pindo za kanga yake, vifundo viwili. Upande wa kulia buku buku, yaani elfu moja moja, na elfu mbili mbili. Upande wa kushoto wekundu wa Msimbazi watupu, yaani elfu kumi kumi. Nilipomuuliza zile ndogo ndogo za nini, akasema, "Za shughuli." Nikadhani ni za maji na karanga njiani.

Tulipanda basi la kwenda Dar. Muheza mama akanunua machungwa kapu zima, akalipakata mpaka Msata, maana hakumwamini kondakta na buti lake. Msata tukashuka, tukadaka gari jingine la kuingia Bagamoyo, kilomita sitini na kitu za lami, mama na kapu lake, mimi na goti la abiria mwenzangu ubavuni.

Jumamosi mchana tulimtembeza. Ngome Kongwe akaipita kama anaikagua. Kwenye misheni wakamweleza kwamba mwili wa Livingstone ulilazwa pale mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja, akauliza kama huyo marehemu alikuwa na ndugu wa kumpokea. Kaole ndiyo alisimama. Akayatazama magofu ya msikiti, akayatazama makaburi yenye minara, akatugeukia: "Haya si kama yale ya Tongoni? Tongoni ipo pale nje ya mji wetu, hamjanipeleka hata siku moja. Mmenipandisha basi mbili nije kuona makaburi ya watu."

Tukaona heri jua lizame twende kwenye onesho.

Ukumbi ulikuwa wazi kwa upande wa baharini, upepo unapita, viti vya plastiki vimepangwa vizuri. Bagamoyo ni mji wa sanaa, chuo chao kipo tangu 1981, kwa hiyo hata onesho dogo la kikundi cha vijana linapata watazamaji wanaojua wanachokitazama. Sisi tulikaa safu ya pili. Mama alikataa kuliacha kapu la machungwa chumbani, akaliweka chini, na kapu likaegemea mguu wa mama mmoja wa makamo aliyekaa kiti cha pembeni. Dera la zambarau, wanja umekoza, udi unanukia mpaka safu ya tano.

Yule mama akalitazama kapu, akamtazama mama. "Dada yangu, hapa siyo sokoni."

Mama akatabasamu. Sisi watatu tukashikana mikono gizani, maana tabasamu lile tunalijua. Akalivuta kapu taratibu, akasema, "Samahani, jirani," na hilo neno jirani akalitamka kama mtu anayetema kokwa.

Mchezo ukaanza. Kisa chenyewe kizuri: binti wa mvuvi, mamake mgonjwa, kakopa elfu hamsini kwa mama mmoja mkopeshaji, mikopo ile ya riba kali wanayoiita kausha damu, na sasa mkopeshaji kaja kudai, asipolipwa anabeba mtumbwi wa marehemu baba. Taa zikageuka nyekundu, jukwaa zima likawa kama jiko la mkaa. Mkopeshaji akatokea, mwanamke wa miraba minne, sauti kama gari la moshi, na kabla ya kudai akaanza kumpasha jirani aliyekuwa anachungulia dirishani:

*Jirani una maneno, kinywa hakina komeo...*

Nikasikia kiti cha mama kinalia. Nikageuka. Kiti kitupu.

Kwa asiyejua mambo ya taarabu nieleze kidogo. Mtu haendi kumtunza mwimbaji kwa sababu wimbo ni mtamu tu. Anasubiri ule ubeti, ubeti wenye neno lake. Ukifika anainuka, anakunja noti kwa urefu, anaibana kati ya vidole viwili, anainyanyua juu, na anakwenda mbele polepole kwa mwendo wa kiuno, akihakikisha anapita mbele ya yule anayemkusudia. Pesa inakwenda kwa mwimbaji, ujumbe unakwenda kwa mbaya wako.

Mama akapita mbele ya dera la zambarau. Wala hakuwa na sababu ya kupita huko, njia ilikuwa upande wetu. Akapanda jukwaani, akamzunguka mkopeshaji mara moja, akambandika elfu mbili kwenye paji la uso, akashuka. Mkopeshaji wa watu akaendelea kuimba na noti usoni.

"Mama, siyo taarabu," nikamnong'oneza.

"Nyamaza. Kaimba vizuri."

Sasa zamu ya binti. Kapiga magoti pembeni ya kitanda cha mamake, kinanda kimeshuka chini, anaimba huku analia:

*Sina senti mkononi, dawa nitapata wapi?*

Dera la zambarau likainuka. Kumbe naye ni mwenzetu! Mwendo ule ule, kiuno kile kile, noti juu, na ikapita mbele ya pua ya mama taratibu kiasi kwamba mama angeweza kusoma namba zake. Elfu kumi. Akamwekea binti mkononi, akarudi, akakaa, akapanga dera lake.

Watu wakaanza kupiga vigelegele. Hapo ndipo nilipojua tumekwisha.

Mama akafungua kifundo. Narudia, taa zilikuwa nyekundu, na chini ya taa nyekundu noti zote ni ndugu. Anasema alifungua cha kulia. Mimi nilikuwa kushoto kwake na mkono ulikuja upande wangu. Akapanda na noti nne, akazitoa moja moja, kila moja na mzunguko wake: ya kwanza mkononi, ya pili begani, ya tatu kwenye kilemba cha binti, ya nne akampa yule mgonjwa kitandani. Mgonjwa akaipokea.

Kitindamimba, ambaye hesabu ndiyo kazi yake chuoni, akaniinamia sikioni. "Dada. Kumi ya yule mama, arobaini za mama. Hamsini kamili."

Jukwaani nao walikuwa wamemaliza kuhesabu. Binti anamtazama mkopeshaji, mkopeshaji anamtazama binti, kinanda kinazunguka pale pale. Akapaza sauti kijana mmoja wa nyuma: "Si umlipe tu!" Ukumbi ukalipuka. Yule mkopeshaji, Mungu amweke, msanii kwelikweli, akanyoosha mkono akaimba, "Lete." Binti akampa. Deni likaisha. Mtumbwi ukabaki. Tulikuwa dakika ya ishirini ya mchezo wa saa moja na nusu.

Kiongozi wa kikundi akatoka pazia la pembeni, viganja vimeunganishwa. "Mama zetu, tunawashukuru sana. Tunaomba sasa mkae, ili binti aweze kuendelea kuwa maskini."

Mama hakuona aibu hata kidogo. Aliona aibu tulipofika nyumba ya wageni na mwenye nyumba akaomba hela ya usiku wa pili. Kifundo cha kushoto kilikuwa kanga tupu. Cha kulia kilikuwa na buku saba. Mimi kwenye simu nina elfu sita, mdogo wangu wa kati kamalizia zake kwenye tiketi, kitindamimba ni mwanafunzi, tena ndiye anayetudai. Mama akakaa kwenye ngazi. "Kweli Bagamoyo," akasema. "Wenzangu walibwaga moyo, mie nimebwaga nauli."

Aliyetuokoa ni dera la zambarau. Alikuwa anapita na bajaji kurudi kwake, akatuona tumepanga mabegi barazani, akashuka. Tukamwamkia shikamoo kwa sauti za watoto waliokamatwa. Akamuuliza mama, "Dada, ule ubeti ulinitunzia mimi?" Mama akamwambia ukweli: "Wewe." Yule mama akacheka mpaka akashika nguzo. "Na mie wangu ulikuwa wako." Tukalala kwake. Yeye na mama walikaa sebuleni mpaka saa nane za usiku, wanamenya machungwa ya Muheza, wanabishana nani alikuwa anapiga fidla bora.

Asubuhi nikatumwa mimi, mkubwa, kwenda kuomba tunzo irudi. Sijawahi kusimama mlango wa mtu nikiwa mdogo namna ile. Binti akanirudishia arobaini zote bila neno, zimenyooshwa vizuri. Mkopeshaji alikuwa anakunywa chai na chapati. "Na ile elfu mbili?" akauliza, wala hakungoja jibu. "Hiyo sirudishi. Mimi niliimba."

Nikampelekea mama salamu hizo. "Haki yake," akasema.

Kwenye basi, tumeshapita Segera, nikamsikia anaongea kwa simu na jirani yetu wa Ngamiani, jirani wa kweli. "Tulikwenda taarabu, shoga. Nzuri! Ila waimbaji wao bado wageni, ukiwatunza wanashtuka."