Katibu Meneja wa AMCOS ya Tumbaku: Mwenyeji au Mgeni?

Vijijini Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, mkoani Tabora, masoko ya tumbaku yakifungwa huanza msimu mwingine usiohitaji jembe: kumtafuta katibu meneja wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Wa zamani ameondoka, ameondolewa, au hesabu zake zimegoma kukaa sawa. Mkutanoni pande huwa mbili. Wapo wasemao achukuliwe kijana wa hapa, tunayemjua hadi kwa bibi yake. Wengine wanajibu kwamba wa hapa wametutosha, aje mtu asiye na shemeji kijijini.

Bodi ya AMCOS huchaguliwa na wanachama, na meneja huajiriwa na bodi. Wajumbe wenyewe ni wakulima. Novemba na Desemba wanahamisha miche, kisha hadi Aprili wanachuma na kulinda moto wa mabani ya kukaushia tumbaku usiku na mchana. Makaratasi yote humwangukia mtu mmoja: orodha ya pembejeo, mkopo wa benki, leja ya kila mkulima, kumbukumbu za mizani, makato, orodha ya malipo. Anayeandika deni ndiye huyo huyo anayelikata.

Hoja ya mwenyeji ni nzito kuliko wengi wanavyoikubali, na uzito wake uko kwenye makisio, yaani ekari ambazo kila mkulima hujiandikisha kulima. Mkulima mwenye ekari mbili akijiandikisha tano, mgeni ataandika tano. Mwenyeji anajua kuwa zile tatu ni pori, au zina mahindi, na kwamba mbolea ya NPK ya ziada itauzwa kabla mvua hazijachanganya. Chukua mfano wa chama chenye wanachama 120, kila mmoja amekopeshwa pembejeo za shilingi milioni 1.5. Deni la chama ni milioni 180. Kumi na tano wasipoleta tumbaku sokoni, ama kwa kuwa hawakulima walichoandika ama kwa kuwa wametorosha mzigo kwa wanunuzi wa pembeni, pengo ni milioni 22.5. Benki imekikopesha chama, kwa hiyo inakidai chama. Wale 105 waliobaki wanabeba zaidi ya shilingi 214,000 kila mmoja. Msimu unaofuata, mkulima aliyekatwa deni lisilo lake naye anatafuta njia ya kutorosha, na hapo chama kinaanza kuoza.

Mkutano mkuu huweka ukomo wa madeni, yaani kiwango ambacho chama hakiruhusiwi kukopa zaidi yake, na Mrajis wa vyama vya ushirika huuridhia. Lakini ukomo uliojengwa juu ya ekari za uongo ni wa uongo vilevile, hata ukiwa na muhuri. Anayeweza kuliona kosa hilo mapema ni mtu aliyewahi kupita kwenye mashamba hayo kwa miguu.

Sasa njoo siku ya makato. Mwenyeji anakaa mezani, mbele yake kuna jina la mjomba. Mjomba ana mgonjwa. Meneja anaandika kwa penseli, "atamalizia msimu ujao." Akishampa mjomba nafuu hiyo, jirani wa mjomba naye anaidai, na ana haki ya kuidai. Hasara nyingi za vyama huanza kwa huruma kama hiyo. Wizi hufuata baadaye, meneja akishagundua kwamba leja inaweza kupindwa na hakuna anayeuliza. Ukaguzi wa COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, utaliona pengo, ila utaliona fedha zikiwa zimekwisha kutoka.

Mgeni hana mjomba, na kwenye makato hilo ni faida kubwa. Udhaifu wake uko kwingine. Akifika hana chumba, hana pikipiki, hajui nani anasema kweli. Anayempokea ni mwenyekiti, na asipoangaliwa anageuka meneja wa mwenyekiti. Kisha kuna ile kanuni ya wazee: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tabora jembe hilo ni ekari moja ya tumbaku. Msimu wa pili meneja ana shamba, anachukua pembejeo kutoka ghala analolisimamia, anajiandikia deni na kujikata mwenyewe. Kilichofanya aajiriwe, yaani ule umbali wake na watu, kimekwisha, huku mshahara ukibaki ule ule. Mkataba useme wazi kwamba hatakopa pembejeo za chama anachokiongoza.

Maoni yangu: leja na makato apewe mgeni, makisio na ghala apewe mwenyeji, na mpangilio huo usigeuzwe. Mwenyeji akishika fedha na mgeni akishika makisio, kila mmoja amewekwa pale anapojua kidogo na kushawishika sana.

Mgawanyo huo hauna maana kama karatasi zao hazikutani. Kila mfuko wa mbolea uonekane mahali patatu: hati ya mzigo ulioshushwa na lori, leja ya ghala ya mwenyeji, na fomu aliyosaini mkulima, ambayo nakala yake inabaki kwake. Lori likishusha mifuko 480 na fomu zikajumlisha 465, basi 15 iwe imesimama ghalani na ihesabiwe siku hiyo hiyo, wajumbe wawili wa bodi wakiwepo. Madeni yabandikwe ukutani jina kwa jina, siku saba kabla ya soko la kwanza. Ubao huo humtisha meneja kuliko kikao cha bodi, kwa sababu mke wa mkulima naye anausoma.

Wawili hao wanaweza kula njama, bila shaka. Dawa ya bei nafuu iko kwenye sheria ya kazi, inayompa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28. Vyama vingi huinunua ili kazi isisimame, na meneja anayekataa kupumzika husifiwa kwa kujituma. Mimi ningemtilia shaka kwanza. Aende Februari, watu wakiwa mabanini na masoko hayajafunguliwa, leja ikae kwa mtu mwingine, na wakulima 20 waliochaguliwa kwa kura waitwe kulinganisha fomu zao na kilichoandikwa.

Chama kidogo hakiwezi kulipa watu wawili. Kikiuza tani 60 na kukata, tuseme, shilingi 50 kwa kilo, kinapata milioni 3 kwa mwaka, sawa na 250,000 kwa mwezi kabla ya kununua hata daftari. Hapo ningemchukua mwenyeji, maana mgeni wa mshahara huo ataondoka wakati mbaya. Ila makato yasomwe na mjumbe wa bodi mbele ya wakulima, jina kwa jina, kabla orodha haijakwenda benki.

Kosa linaloumiza pande zote mbili ni tarehe za mkataba. Bodi hunakili mwaka wa fedha wa serikali na kuandika kuwa mkataba unaisha 30 Juni, katikati ya masoko. Anayeingia Julai anakata madeni asiyoyaandika, na kila kasoro inakuwa ya "yule aliyetoka." Mkataba uishe 30 Septemba, na mpya aanze tarehe 1 ya mwezi huo. Siku hizo 30 wahesabu pamoja mifuko, mizani, namba za vitabu vya risiti, salio la benki na orodha ya madeni, kisha wasaini wote wawili pamoja na mwenyekiti. Wakiamua kumwondoa mtu katikati, anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 na nafasi ya kujieleza. Bodi inayomfukuza kwa makofi ya mkutano hupelekwa CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, na fidia, kama lile pengo la milioni 22.5, hulipwa na wakulima.