Gundi kali au gundi inayobanduka? Mtungi uliovunjika Tabora na Kigoma

Mtungi ukivunjika kwenye makumbusho ndogo, iwe Kwihara nje kidogo ya mji wa Tabora au Ujiji, dawa ya haraka iko duka la vifaa vya ujenzi: epoksi, gundi kali ya mirija miwili inayochanganywa. Bei yake inavumilika na inashika vizuri. Kwa mhudumu mwenye bajeti finyu, hoja hiyo si ya kubezwa. Vigae vikiachwa kwenye boksi miaka mitano, vingine hupotea.

Lakini epoksi huwa ya manjano kadiri miaka inavyokwenda, na ikishakauka haiyeyuki kirahisi. Kibaya zaidi, mitungi yetu ya asili huchomwa kwa moto wa wazi, hivyo udongo wake ni laini. Ukigongwa tena, hauachii palepale ulipoungwa. Unapasuka pembeni, na utando wa gundi unabanduka na chembe za udongo zimeganda juu yake. Kingo zikishalika hivyo, vigae havikutani tena. Misri yaliwakuta: ndevu za kinyago cha farao Tutankhamun ziling'oka mwaka 2014 zikabandikwa kwa epoksi. Wataalamu walilazimika kuikwangua taratibu, wakazirudisha mwaka 2015 kwa nta ya nyuki.

Ndiyo maana wahifadhi wengi wa vitu vya kale wanategemea gundi ya akriliki, aina ya plastiki, iitwayo Paraloid B-72. Haigeuki rangi upesi, na asetoni, kimiminika cha kuyeyushia, huilegeza hata baada ya miongo. Nami naegemea huko, ila ina udhaifu unaotuhusu sisi moja kwa moja: huanza kulainika kwenye nyuzi joto 40 hivi. Stoo ya bati isiyo na dari, Tabora mwezi Oktoba, si mahali pa kuiamini. Mtungi mzito utaanza kuachia polepole, shingo ikiinama bila mtu kuugusa. Gundi itokanayo na ngozi za wanyama nayo haitufai. Unyevu wa ziwani Kigoma huilegeza na wadudu huila.

Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye dari, kabla ya gundi. Mtungi ukalishwe kwenye kitako cha mchanga ili uzito usibebwe na kiungo, na penye joto kali ichanganywe na ndugu yake, Paraloid B-48N, inayostahimili hadi karibu nyuzi 50. Kisha kadi yake iandikwe aina ya gundi na mwaka, ili atakayeufungua ajue kama aanze na asetoni.