Jenereta Nayo Ipewe Jembe

Stima ikitaka kupotea hapa Mombasa huchagua saa yake: jua la utosi, feni ndiyo kwanza inakausha jasho la shingo, na friza imejaa nguru wa wiki nzima. Hapo mwenye nyumba hupiga paja: "Leo nanunua jenereta ya dizeli!" Haya, nunua. Lakini yakhe, hesabu waijua?

Maana kibati cha ubavuni ndicho cha kwanza kukuchezea shere. Kimeandikwa kVA 5, wewe waisoma kilowati 5. Si nguvu yote ya kVA hufanya kazi: zidisha kwa 0.8 kwanza, umebaki na kilowati 4. Na hizo 4 nazo huenda ni za kubeba kwa muda mfupi tu. Za kwenda nazo usiku kucha zimeandikwa chini, kwa herufi za sisimizi.

Rudi nyumbani sasa. Taa na feni hazina makuu. Friji ikishatulia hula wati 150 hivi, ila kompresa, mota yake ya kuleta baridi, ikiamka hutaka mara tano ya hapo kwa kufumba na kufumbua. Pampu ya kisima ya hospawa moja huzunguka kwa kilowati moja na kitu, ikianza hudai tatu. Eisi ya zamani, isiyo ya inveta ianzayo polepole, tabia ni hiyo hiyo. Kwa hivyo vyenye mota havishtuliwi pamoja: anza na kilicho kizito, ngoja sauti ya injini itulie, ndipo uwashe kinachofuata. Wewe wapanga kwa adabu, shemeji huko chumbani kachomeka pasi. Na yule aliyefunga shawa ya umeme ya kilowati 4, Mombasa hii, mwezi wa pili, sijui baridi yake aitoa wapi.

Woga wa hesabu hizo huwarusha wengine upande wa pili: wananunua kVA 20 ya kuwasha balbu nne na tivii. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dizeli ipe jembe siku ile ile iliyofika. Ikizoea kubeba chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, silinda haipati moto wa kutosha, mafuta hayaungui yote, na yale mabichi huchanganyika na masizi yakatiririka kwenye ekzosi, meusi, mazito kama lami. Ukuta uliopakwa rangi kwa ajili ya harusi umeota ndevu. Fundi atakwambia injini imekufa, lete pesa. Mara nyingi haijafa, imekosa kazi tu. Ikiwa haijaziba sana, ipandishie mzigo polepole hadi asilimia 70 hivi, ifanye kazi saa moja au mbili: pampu, eisi, na ile pasi ya shemeji. Leo ruhusa.

Kelele je? Ile ya kupozwa kwa hewa, mizunguko 3,000 kwa dakika, bei yake nafuu na hulia kama tuktuk zimegombana. Ya mizunguko 1,500 ni nzito na ghali, lakini hudumu. Halafu kuna "ya kimya": desibeli 70 ukiwa mita 7. Kanuni za kelele za 2009 zataka usiku, nje ya nyumba za kuishi, zisizidi 35. Kimya cha nani hicho?

Moshi nao una msimu. Ekzosi uliyoielekeza vizuri wakati wa kaskazi, kusi likiingia yapuliza sebuleni. Na anayeificha ushorobani isiibiwe ajue kaboni monoksidi haina harufu. Humkuta mtu usingizini ikamlaza moja kwa moja. Jenereta hukaa nje, mbali na kila dirisha.

Fundi akikuletea waya wenye plagi huku na huku, achomeke kwenye soketi, mfukuze na chai usimpe. Stima hiyo hurudi hadi nguzoni ikamuue anayetengeneza laini. Dai swichi ya chenjiova: huku stima, kati sifuri, huku jenereta.

Mafuta ya bei ya kutupa usiyaguse. Walaghai walikuwa wakitia mafuta taa hata serikali ikayapiga ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Hayana utelezi, pampu ya nozeli hujisaga yenyewe. Na tangi usiliache nusu. Hewa yetu ya pwani hutoa jasho ndani, maji yakazama chini, basi fungua kikombe cha filta uyamwage mara kwa mara. Mafuta yakiisha kabisa, mashine imemeza hewa: jaza, legeza skrubu ya filta, pampu kwa mkono hadi mapovu yaishe, kaza. Oili ibadilishe baada ya saa 50 za kwanza za kazi, kisha kila 100. Chumvi ya bahari yapenda vichwa vya betri. Vipake vaselini, na uwashe nusu saa kila wiki mbili, ikiwa imebeba mzigo.

Ukishamaliza yote, stima ikipotea, jirani aliyelalamikia kelele mwaka mzima ndiye wa kwanza kupitisha kebo juu ya ukuta. "Nachaji simu tu, ndugu yangu." Baada ya dakika kumi injini yakohoa, taa zafifia, kisha zakaa sawa. Simu tangu lini ina kompresa?